Kwato kwenye Shimo la Tatu

Nimekaribia miaka hamsini bila kushika fimbo ya gofu, na hata leo ukinipa sitajua nisimame vipi. Nilichokijua ni kupanga. Nilikuwa katibu muhtasi katika ofisi ya kiwanda cha chai, na nilipopunguzwa kazi nikafungua duka dogo la kuchapa na kutoa nakala jirani na stendi ya Tukuyu. Siku moja aliingia daktari mstaafu aliyerudi nyumbani kupumzika baada ya kufanya kazi mbali maisha yake yote. Alikuwa na karatasi ya ratiba na alitaka nakala arobaini. Nikaisoma, kama ninavyosoma kila karatasi inayopita mikononi mwangu, kisha nikamwambia:

"Shikamoo mzee. Samahani, makundi haya mawili umeyaanzisha shimo moja kwa wakati mmoja."

Akavaa miwani. Akaangalia muda mrefu, akacheka peke yake.

"Marahaba. Unacheza gofu?"

"Hapana. Nasoma tu kilichoandikwa."

Kesho yake alirudi kuniomba niwe katibu wa mashindano. Pembeni ya mji kulikuwa na uwanja wa zamani wa mashimo tisa, uliochongwa enzi za wenye mashamba ya chai na kuachwa ukawa pori. Daktari na wenzake wachache walikuwa wameufufua kwa kufyeka kidogo kidogo, na sasa alitaka kuita wachezaji wa Mbeya, Iringa na hata Dar es Salaam waje kucheza siku moja. Hakukuwa na mashindano pale tangu watu wa rika langu wazaliwe. Nikakubali, kwa sababu nilikuwa nimekaa dukani miaka minne na hakuna aliyewahi kuniuliza swali gumu.

Nikanunua daftari kubwa, nikaandika kila kitu. Mahema. Maji ya kunywa. Choo cha wanawake, maana hakikuwepo. Gari la wagonjwa la kuazima. Wabeba mikoba. Nani atapiga filimbi ya kuanza, nani atakusanya kadi, nani atajumlisha. Kwa kuwa wachezaji walikuwa thelathini na sita na mashimo tisa, nilipanga wanne wanne, kila kundi lianze kwenye shimo lake kwa wakati mmoja, filimbi ikilia. Daktari alipitia daftari lile kama anavyopitia faili la mgonjwa, akaweka alama ya vema kila mstari. Mwisho akaongeza mstari mmoja kwa mwandiko wake: "Ukataji wa majani upigwe marufuku wiki nne kabla."

Mstari ule niliusoma mara mbili.

Kwa Daktari zile zilikuwa nyasi. Kwetu yalikuwa majani. Wanawake wa mitaa yetu ya Bulyaga, Ibighi na Msasani walikuwa wakikata majani ya ng'ombe kwenye uwanja ule tangu ulipoachwa. Huku kwetu ng'ombe hachungwi, anakaa zizini na chakula kinamfuata kichwani mwa mwanamke. Na mmoja wa wanawake hao alikuwa mama mkwe wangu, ambaye naishi naye nyumba moja Ibighi. Mume wangu ni dereva wa malori ya mpakani na nyumbani huja kwa kupitia tu. Kwa hiyo pale nyumbani tulikuwa mimi, mama na ng'ombe mmoja mweusi mwenye madoa meupe, aliyevunjika ukwato wa mguu wa nyuma wa kushoto alipokuwa ndama. Ukwato ule ulipona vibaya, ukakaa umepanuka kama mkasi ulioachwa wazi.

Nilimwambia Daktari, "Mzee, hawa akina mama watapata wapi majani? Ni mwezi wa sita, baridi imekaza, hakuna kinachoota."

"Ni wiki nne tu, Katibu. Wakipita na miundu wanaacha visiki. Mpira ukitua kwenye kisiki, mgeni atatucheka."

Nikachapa tangazo. Nikalisoma mwenyewe, jioni, mbele ya wanawake kama ishirini waliokuwa wanafunga mizigo yao. Aliyesimama kujibu alikuwa mama mmoja wa Bulyaga, muuza maziwa, mwanamke mrefu asiyenong'ona hata kanisani.

"Hao wageni wanakula nyasi?"

Wenzake wakacheka. Mimi sikucheka.

"Ni wiki nne tu," nikasema, na nikasikia sauti ya Daktari ikitoka kinywani mwangu.

"Basi waambie ng'ombe wetu wafunge wiki nne," akasema. "Na ukiona siku moja kitu kimeharibika huko kwenye golofu lenu, usije kuuliza."

Mama mkwe wangu alipandisha mzigo wake kichwani, akatangulia nyumbani. Tangu jioni ile akaacha kuzungumza nami. Salamu nilimpa na aliipokea, chakula nikipika alikula, lakini maneno yake yote aliyapeleka zizini. Alikuwa anampa ng'ombe mashina ya migomba aliyoyakatakata kwa panga, na maganda ya ndizi aliyoyaomba kwa mama ntilie wa stendi. Maziwa yalipungua. Kila asubuhi aliiweka ndoo mezani, mbele yangu, bila kifuniko, nione yamefika wapi. Nilinunua mabunda ya majani kwa wauzaji wa barabarani mara tatu, naye akayapokea kama mtu anayepokea barua ya mtu mwingine.

Mashindano yalikuwa Jumamosi. Ijumaa, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, simu ikaita. Daktari. Hakusalimia.

"Njoo shimo la tatu."

Nilipanda bodaboda nikiwa na kandambili. Nikamkuta amesimama pembeni ya grini, ile sehemu ya nyasi laini iliyokatwa fupi kama zulia, ambapo shimo lenyewe huwa. Miezi minane walikuwa wanaipalilia kwa mikono. Sasa ilikuwa imetobolewa kila mahali. Kwato zilikuwa zimezama hadi inchi mbili, matope yamefurika pembeni, na sehemu nyingine nyasi zilikuwa zimeng'olewa na mizizi yake. Samadi ilikuwa bado inatoa mvuke.

"Huyu hakupotea njia," Daktari alisema. "Ameletwa. Tazama, kuna alama ya kigingi. Amefungwa hapa akaachwa ale."

Nilitazama kigingi, halafu nikatazama kwato. Zilikuwa za ng'ombe mmoja. Mguu wa nyuma wa kushoto ulikuwa umeandika alama pana, iliyopanuka, kama mkasi ulioachwa wazi.

Alama ile niliijua.

"Mimi najua ni nani," Daktari akasema.

Nikamgeukia.

"Yule mwanamke wa maziwa. Alitishia mbele yako, wewe mwenyewe uliniambia. Nimeshatuma bodaboda imlete hapa kwenye banda, na nimempigia mwenyekiti wa mtaa. Leo atajieleza."

Ningeweza kusema pale pale. Maneno yalikuwa mafupi: ng'ombe ni wetu. Lakini sikuyasema. Niliinama nikajifanya napima ukubwa wa uharibifu kwa hatua, huku nafanya hesabu ya aina nyingine kichwani. Nikisema, mama mkwe wangu, mwanamke wa miaka sabini na zaidi, mzee wa kanisa, ataitwa mbele ya watu kwa kuharibu mali. Nikinyamaza, ataitwa mwingine ambaye hakufanya. Nilimwambia Daktari nakimbilia nyumbani kubadilisha viatu. Huo ndio ulikuwa uongo wangu wa kwanza katika kazi ile, na nilishaona wa pili unanijia nyuma.

Mama alikuwa zizini, amekaa kwenye kigoda, anakamua. Ng'ombe alikuwa na matope hadi magotini. Hata kumwosha hakumwosha.

"Mama," nikasema, "alikuwa wapi huyu alfajiri?"

Aliendelea kukamua. Maziwa yalikuwa yanapiga ndoo kwa nguvu ambayo sikuwa nimeisikia kwa wiki tatu.

"Nilimpeleka," akasema. Lilikuwa neno lake la kwanza kwangu tangu lile tangazo. "Nilimpeleka mimi mwenyewe. Alikuwa analia njaa. Wewe ulikuwa umelala, hukumsikia."

"Ungeniamsha."

"Nikuamshe unisomee tangazo?"

Nilikaa kwenye tofali mlangoni mwa zizi. Nilimweleza kwamba mama wa Bulyaga ndiye anayedhaniwa, kwamba ameshatumiwa bodaboda, kwamba mwenyekiti wa mtaa anakuja. Mikono yake ikasimama. Nilimwona akitafakari, uso wake ukiwa umeegemea ubavu wa ng'ombe. Nilitegemea atasema atakwenda mwenyewe. Nilitegemea pia atasema ninyamaze. Hakusema lolote kati ya hayo.

"Wewe ndiye katibu," akasema. "Kaseme unachotaka kusema."

Bodaboda niliyopanda kurudi ilinifikisha wakati mama wa Bulyaga naye anashuka kwenye yake. Alikuwa bado amevaa aproni ya maziwa. Daktari alikuwa ameketi kwenye banda nyuma ya meza, mikono imefungwa kifuani, na mwenyekiti wa mtaa alikuwa amesimama pembeni, koti limefungwa hadi shingoni, anaonekana kama mtu ambaye angependa kuwa kwingine.

"Mugonile," mama wa Bulyaga akasalimu kwa Kinyakyusa, kwa ukavu. Kisha akageukia Kiswahili. "Nimeambiwa nina kesi."

"Kaa, mama," Daktari akaanza. "Usiku wa kuamkia leo..."

"Ng'ombe ni wetu," nikasema.

Nilisema kwa sauti kubwa mno. Wote watatu wakanitazama.

"Ni ng'ombe wa nyumbani kwangu. Namjua kwa ukwato. Nilimjua tangu saa ile, mzee, nikanyamaza. Mama mkwe wangu ndiye aliyempeleka. Huyu mama hana kosa."

Mwenyekiti wa mtaa alijikuna kidevu. Daktari alivua miwani, akaifuta kwa shati, akaivaa tena, na alipoivaa alikuwa amezeeka kidogo.

"Kwa nini hukuniambia pale?"

"Niliogopa."

Mama wa Bulyaga hakukaa. Alinitazama kuanzia kichwani mpaka kwenye kandambili, ambazo bado sikuwa nimezibadilisha.

"Kwa hiyo mlinitumia pikipiki," akasema polepole. "Majirani zangu wameniona napakiwa asubuhi asubuhi kama mwizi. Kwa ng'ombe wako."

Nilisema samahani, na neno lenyewe lilionekana dogo. Daktari naye alisimama, akasema samahani, kwa shida, kama mtu asiyelizoea. Mwenyekiti wa mtaa akauliza kama bado anahitajika, akaambiwa hapana, akaondoka haraka kuliko alivyokuja.

Tulibaki watatu na grini iliyotobolewa, na wageni thelathini na sita ambao baadhi yao walikuwa tayari njiani. Daktari alisema jambo ambalo sikutegemea kulisikia kwake.

"Nadhani tuahirishe."

"Haiwezekani," nikasema. "Wa Dar wamelala Iringa."

"Basi shimo la tatu tulifute."

"Tukilifuta, ratiba yote inavunjika. Kundi la tatu litaanzia wapi?" Nilifungua daftari, nikaanza kuchora. Tungeweza kulihamishia shimo kwenye kona ambayo haikukanyagwa sana, sehemu mbaya kabisa tukaizungushia chokaa, na mchezaji ambaye mpira wake utatua humo aruhusiwe kuuondoa bila adhabu. Daktari alithibitisha kwamba sheria inaruhusu. Lakini kona yenyewe nayo ilihitaji kurekebishwa, matobo karibu mia moja, na vibarua wa uwanja walikuwa wawili.

Nikageuka kwa mama wa Bulyaga. Aibu niliyokuwa nayo sikuwahi kuijua kabla, lakini nilikuwa sina mwingine wa kumgeukia.

"Nyie mnajua kupanda majani," nikamwambia. "Mnajua kuyang'oa na udongo wake yasife. Naomba mtusaidie. Mpaka jioni tu."

Akacheka, lakini si kwa furaha.

"Una uso mkavu, wewe."

"Najua."

Alitoka nje ya banda, akatembea hadi ukingoni mwa grini, akachuchumaa, akaingiza vidole viwili kwenye tobo moja kama anapima kina. Aliporudi alizungumza na Daktari, si mimi.

"Tutakuja. Lakini kabla hatujashika jembe, lile tangazo lisomwe tena mbele yetu, na lifutwe. Na huyu ndiye alisome."

Daktari akanitazama. Nilijua anavyozipenda nyasi zile. Kidevu kilimcheza mara mbili kabla ya kusema, "Lifutwe."

Saa nne walikuwa wamefika kumi na saba. Nilisimama pale pale nilipokuwa nimesimama mara ya kwanza, nikalisoma lile tangazo la zamani, nikasema kwamba limefutwa na kuanzia Jumatatu wataruhusiwa kukata majani kama zamani, isipokuwa kwenye grini, nikairarua karatasi kwa sababu mmoja wao alipaza sauti, "Irarue!" Mama mkwe wangu alikuwa amekuja. Alisimama nyuma kabisa, peke yake. Wenzake walishajua. Hakuna aliyemsema, hakuna aliyemkaribisha pia. Mama wa Bulyaga alimpelekea jembe, akalisimamisha mbele yake, akaondoka.

Tulifanya kazi hadi giza linaingia. Wengine walikata vipande vya nyasi nyuma ya shimo la tisa, vya mraba, wakavileta vichwani kwenye masinia. Wengine waliinua udongo uliozama kwa kuchokonoa pembeni kwa nyuma ya mundu, taratibu, mpaka tobo likajaa lenyewe. Mama mkwe wangu alichekecha mchanga. Saa tisa mvua nyembamba ilianza, ile ya huku kwetu isiyonyesha wala kuacha, na sote tukaendelea chini yake. Nilikuwa napigiwa simu kila dakika tano: mwenye mahema amekwama, mpishi anauliza idadi, mgeni anauliza kama kuna maji ya moto. Nilijibu nimepiga magoti kwenye matope. Tulipomaliza, Daktari alivua viatu akapita juu ya kona ile kwa soksi, akitafuta kwa nyayo palipoinuka. Hakupata pa kulalamika. Kisha akawauliza wanawake kama wangeweza kurudi kesho, wakae karibu na kila shimo kuangalia mipira inapotua, kwa sababu hakuna anayeujua uwanja ule kuliko wao. Wakakubali wengi wao.

Jumamosi nilifungua dirisha sikuona mgomba ulioko hatua tano kutoka ukutani.

Ukungu tumeuzoea. Lakini ule wa siku ile ulikuwa mzito, umekaa chini, hausogei. Saa mbili, muda wa kuanza, wachezaji walikuwa wamejazana chini ya mahema wakisugua mikono, na kutoka pale nisingeweza kuona bendera ya shimo la kwanza. Wanawake walikuwa tayari wamekwenda kwenye vituo vyao, mama mkwe wangu akiwa shimo la tatu, kwa sababu ratiba yangu ilisema waende saa moja na nusu, na wao waliifuata. Saa tatu ikafika. Chai ya kwanza ikaisha. Watu wa Mbeya wakaanza kutazama saa zao. Daktari alikuwa anatembea kutoka hema hadi hema, anatabasamu kwa meno tu.

Mgeni mmoja alikuwa na haraka kuliko wote. Alikuwa mfanyabiashara mnene mwenye kofia nyekundu, rafiki wa zamani wa Daktari, naye ndiye aliyetoa zawadi ya mshindi wa kwanza, televisheni kubwa ambayo ilikuwa imewekwa juu ya meza na utepe. Alikuwa akisema kwamba kule alikojifunzia watu wanacheza hata kwenye theluji. Mara ya tatu aliponiuliza tunasubiri nini, nilimwambia tunasubiri tuone.

Niligeuka kupokea simu. Nikasikia mlio mkali, mkavu, wa fimbo kugonga mpira.

Nilipogeuka alikuwa amesimama kwenye kituo cha kuanzia, fimbo iko begani, anatazama ndani ya ule weupe kama mtu aliyerusha jiwe kisimani. Alikuwa amepiga kuelekea upande wa shimo la tatu. Sekunde moja, mbili. Halafu, kutoka ndani ya ukungu, pakasikika kishindo cha kitu kugonga kitu. Hakuna aliyepiga kelele. Hiyo ndiyo iliyonitisha.

"Mama!" nikaita. Sikujibiwa.

Nilikimbia. Sikuwahi kukimbia vile tangu shule. Nilikuwa naona miguu yangu na hatua moja mbele, basi. Niliangukia mtaroni, nikainuka, nikaendelea kuita, na sauti yangu ilirudi imefunikwa kama ninaita ndani ya blanketi. Nilijiambia, nimempanga mimi. Nimeandika jina lake kwenye shimo la tatu kwa mkono wangu mwenyewe, saa moja na nusu, nimeweka alama ya vema.

Nilimkuta amekaa chini kwenye nyasi, miguu ameinyoosha, kitenge kimejaa umande. Ndoo ya mchanga ilikuwa imepinduka pembeni yake, imepasuka ubavuni. Mpira ulikuwa mkononi mwake.

"Mama, umeumia?"

"Limepita hapa." Akaonyesha karibu na sikio. Mpira hakuuachia. Katika miaka ishirini na mbili ya kuishi naye sikuwahi kumwona ameogopa. Sio kwa ugonjwa, sio kwa msiba. "Nilisikia linalia kama nyuki. Halafu ndoo ikaruka."

Nilikaa pembeni yake nikamshika. Hakunisukuma.

"Mkamwana," akasema, kwa lile neno la mke wa mwana ambalo hakuwa ameniitia kwa karibu mwezi mzima, "hawa watu wanatuona?"

"Hapana, Mama," nikasema. "Hawatuoni."

Nilimwinua. Kisha nilipita shimo moja baada ya jingine, kwa kuita na kuitikiwa, nikawatoa wanawake wote hadi chini ya mahema. Ilichukua muda mrefu na wachezaji walikuwa wanaona kila mmoja anapotokea ukunguni, na wengine wakaanza kuelewa ni kitu gani kilikuwa kimetaka kutokea. Nilipomtoa wa mwisho nilikwenda mbele ya Daktari na daftari langu. Nilikuwa nimelowa, nina matope, na sauti yangu ilikuwa imetulia kwa namna ambayo sikuielewa.

"Mzee, kwenye masharti tuliandika kwamba atakayepiga kabla ya filimbi ametolewa."

Mwenye kofia nyekundu akacheka. "Lilikuwa pigo la mazoezi tu. Nimemgusa mtu?"

Daktari alimtazama rafiki yake. Kisha akamtazama mama mkwe wangu, ambaye alikuwa amepewa kiti na kikombe cha chai, na kikombe kilikuwa kinagonga kisosi. Nilifikiri juu ya miezi minane ya kupalilia kwa mkono, na televisheni, na urafiki wa miaka mingi. Nilijua ninamwomba mengi.

"Umetolewa," Daktari akasema. "Samahani, ndugu yangu. Umesikia katibu."

Yule bwana alisimama kidogo, akisubiri mtu acheke. Hakucheka mtu. Akaita dereva wake. Dakika kumi baadaye gari lake lilipita mbele ya mahema, na kwenye kiti cha nyuma ilikuwepo televisheni na utepe wake.

Ukungu ulipanda saa nne na nusu, kwa ghafla, kama kawaida yake, na Mlima Rungwe ukasimama pale wote. Nilipunguza mchezo kutoka mizunguko miwili hadi mmoja, nikawarudisha wanawake kwenye vituo, safari hii mbali na njia ya mipira, kila mmoja na kitambaa cheupe cha kupunga. Nikapiga filimbi. Ilikuwa saa tano kasoro. Kutoka pale hadi saa tisa sikukaa. Nilikuwa nangojea kitu kingine kiharibike, na vitu vidogo viliharibika: kadi mbili zilijumlishwa vibaya, mchezaji mmoja alilalamikia chokaa, wali ulichelewa. Lakini makundi tisa yalizunguka na kurudi, na hakuna mpira uliopotea shimo la tatu.

Mshindi alikuwa mwalimu kutoka Mbeya, mtu mpole aliyecheza kwa fimbo za kuazima. Tulimpa kikombe, na badala ya televisheni akapewa mkungu wa ndizi na gunia la maparachichi, vitu ambavyo mama wa Bulyaga alikuwa amevifuata nyumbani kwake kwa bodaboda bila kumwambia mtu. Mwalimu alipigwa picha amebeba mkungu begani. Picha ile ilisambaa kwenye simu za watu kuliko yoyote ya mchezo wenyewe.

Wiki mbili baadaye kamati ilikaa kufanya tathmini, na nikaombwa kuendelea na ukatibu. Nilikubali kwa sharti moja, kwamba mmoja wa wakata majani aingie kwenye kamati. Alikuja mama wa Bulyaga. Mimi na yeye hatukuwa marafiki, na sidhani kama tutakuwa. Yale ya kupakiwa asubuhi hajayasahau. Alikaa mwisho wa meza, akasikiliza taarifa yangu yote ya kurasa sita, kisha akanyoosha mkono.

"Nina swali moja," akasema. "Kwa nini mlichagua mwezi wa sita, wakati kila mtu anajua una ukungu?"

Tulitazamana. Daktari alifungua daftari lake, mimi nikafungua langu. Hakukuwa na jibu mahali popote. Tukapeleka mashindano mwezi wa kumi.